MASHUA YA KWANZA KWA FEDHA KIDOGO

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa elimu, Wabera, Isiolo



Tawi hili limetutaka tuseme juu ya shauri la kununua mashua. Mpita njia akisikia neno hilo hapa Wabera atacheka, maana mto wetu wa Isiolo mtoto huuvuka kwa miguu, na chombo kikubwa tunachokijua sisi ni lori. Lakini ninyi mlioleta swali hamkuleta mzaha. Wengi wenu mna ndugu Loiyangalani, na wengine mna ndugu ng'ambo ya pili, Kalokol na Eliye. Barabara ya lami yatoka hapa hadi Marsabit na Moyale. Tena kampuni iliyosimamisha mitambo ya umeme wa upepo kule Sarima ilitengeneza barabara ya kilomita 208 toka Laisamis, na kwa barabara hiyo ziwa limetukaribia. Ndipo vikundi vyenu vya akiba vikauliza: mfanyakazi mwenye fedha kidogo, na ndugu yake ni mvuvi, je, wanunue mashua iliyokwisha tumika? Na kama ni kununua, waichague namna gani?

Jibu letu ni hili. Mashua ni mali njema, lakini ni mali inayobeba watu. Mbuzi wako akifa, umepoteza mbuzi. Mashua yako ikifa katikati ya ziwa, hufa na waliomo. Kwa hiyo, fedha zikiwa kidogo, punguzeni ukubwa wa mashua; msipunguze uzima wake, wala msipunguze vifaa vya kuwarudisha watu ufuoni. Hilo ndilo neno letu lote. Mengine tutakayosema ni kulifafanua tu.

1. YAJUENI MAJI KWANZA

Mashua haichaguliwi kwa uzuri wake pale ilipoegeshwa. Huchaguliwa kwa maji itakayokwenda. Mtumbwi unaotosha kuvukia Mto Tana hautoshi Ziwa Turkana, na jahazi la Lamu likiletwa ziwani kwa lori litamfilisi mwenyewe kabla halijalowa.

Ziwa Turkana lina urefu wa kilomita 250 hivi toka kusini hadi kaskazini, na maji yake ni ya magadi. Upepo wake mkubwa hutoka kusini-mashariki. Mara nyingi huvuma kwa nguvu usiku na asubuhi, kisha hupungua alasiri. Upande wa Loiyangalani hushuka toka Mlima Kulal kama kitu kilichotupwa. Mitambo 365 ya Sarima haikuwekwa pale kwa kupendeza macho. Iliwekwa kwa sababu upepo wa mahali pale haukosi kazi. Basi kumbukeni kuwa nguvu ile ile izungushayo mitambo ndiyo iinuayo mawimbi.

Mwaka 1934 wataalamu wawili wa msafara wa Vivian Fuchs, nao ni Martin na Dyson, walivuka kwenda Kisiwa cha Kusini katika ziwa hilo. Walifika kisiwani, lakini hawakurudi, na hawakuonekana tena. Hao walikuwa watu wenye elimu na msafara uliopangwa vizuri. Ziwa halikuuliza elimu yao.

Kwa upande mwingine, watazameni wazee wa El Molo. Walivua kwa vyelezo vya magogo ya mkoma yaliyofungwa pamoja. Chelezo ni chombo duni ukikitazama, lakini hakina ngama ya kujaa maji, na wenyewe walikijua kiasi chake, wakakaa karibu na ufuo. Hapo pana fundisho kwa mnunuzi: chombo kidogo kinachofanya kazi yake halali ni salama kuliko chombo kikubwa kinachotumwa mahali pasipo pake.

Basi kabla hamjatazama mashua hata moja, kaeni na yule ndugu mvuvi mkamwulize maswali manne. Atavua wapi? Atakwenda mbali gani na ufuo? Watapanda watu wangapi? Na atatoka saa ngapi na kurudi saa ngapi? Mwulizeni pia juu ya ufuo wenyewe, kwa sababu ziwa hilo lilipanda sana miaka ya 2019 na 2020, likafunika nyumba na miti. Kisiki kilicho chini ya maji hupasua ubao na kuchana wavu, na anayejua kilipo ni mwenyeji.

Tena kuna hadithi ya Kalokol, ambayo yafaa kila kikundi kiijue. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 serikali ya Norwe ilijenga huko kiwanda kikubwa cha kugandisha samaki. Nia ilikuwa njema na fedha zilikuwa nyingi. Lakini kugandisha samaki katika joto lile kulikuwa ghali mno, na Ghuba ya Ferguson, mahali pa uvuvi, ikakauka maji yalipopungua. Kiwanda kikaishia kuwa ghala la samaki wakavu. Ikiwa dola yenye mali yaweza kununua kitu kisichofaa maji yale, kikundi cha wapishi, waashi na madereva wa Isiolo hakina budi kuwa na hadhari zaidi.

2. ZIGAWENI FEDHA KABLA YA SAFARI

Kosa lionekanalo kila ufuo ni hili: mtu ana shilingi kadhaa, hutafuta mashua ya bei ile ile, hununua, kisha husimama mchangani bila wavu, bila nanga, bila nauli ya kurudi. Hapo ndipo huanza kukopa kwa mchuuzi wa samaki, na tangu siku hiyo samaki si wake.

Sisi twashauri kanuni rahisi. Fedha mlizo nazo zigaweni mafungu manne. Mawili yawe ya mashua yenyewe. La tatu liwe la nyavu. La nne liwe la jaketi za kuokolea maisha, nanga na kamba yake, makasia, kata ya kufulia maji, leseni, ujira wa fundi wa kuikagua, na akiba ya matengenezo ya kwanza. Tuseme kikundi kina watu 10, na kila mmoja ametoa shilingi 12,000. Jumla ni 120,000. Basi mashua yenu ni ya shilingi 60,000, wala si ya 120,000. Nyavu zina 30,000, na vifaa na akiba vina 30,000. Bei za siku zitabadilika, na ufuo mmoja si sawa na mwingine, lakini mgawo huu ushikeni.

Muuzaji atawaambia, "Ongezeni kidogo tu, mpate hii kubwa." Hiyo "kidogo tu" itatoka wapi? Itatoka katika fungu la nne, kwa sababu jaketi hazilii wala hazidai. Huko ndiko fedha huibwa kwa urahisi, na anayeibiwa ni yule atakayekuwa majini upepo ukigeuka.

Juu ya nyavu, neno moja. Nyavu za uzi mmoja wa plastiki ni marufuku katika Kenya. Mkiambiwa mashua inauzwa pamoja na nyavu zake, zifungueni mzitazame. Nyavu haramu hazina thamani hata senti. Zikikamatwa huchomwa moto, na mwenye nazo hushitakiwa.

3. MBAO KABLA YA RANGI

Sasa mmefika ufuoni, na mashua ipo mbele yenu. Ikiwa imepakwa rangi mpya jana, msifurahi. Rangi mpya ni nguo ya arusi. Haisemi kitu juu ya mifupa. Mwombeni mwenyewe ruhusa ya kuikagua kwa utaratibu, na mwacheni fundi wenu aanze kazi. Fundi huyo awe seremala wa mashua, asitoke katika ufuo wa muuzaji, na alipwe ujira wa siku nzima. Tunaodai malipo ya haki kwa waajiri tusimwambie fundi mwenzetu "utapata soda."

Anzeni chini, si juu. Mashua ilazwe upande, mkuku wake uonekane wote. Fungeni uzi toka omo hadi tezi mtazame kama mkuku umenyoka. Mkuku uliopinda kama mgongo wa punda mzee hautanyoka tena, hata mkipiga misumari gunia zima.

Kisha kisu. Chukueni kisu kidogo chenye ncha, mkichome taratibu katika mahali ambapo kuoza hupenda kujificha: kando ya mkuku, pale mbao za chini zinapoushika, katika mstari ambapo maji na hewa hukutana, ndani ya ngama, ambako maji machafu hulala, chini ya mataruma, na katika ubao wa nyuma unaoshika mashine. Ubao mzima hukirudisha kisu. Ubao uliooza hukipokea kama kiazi kilichoiva. Ubao mmoja ulioharibika ubavuni, juu ya maji, hubadilishwa kwa fedha kidogo. Mkuku ulioharibika, au mataruma matatu manne yaliyovunjika pamoja, maana yake mnanunua kuni.

Tazameni misumari. Msumari wa chuma ulioliwa na kutu huacha machozi mekundu juu ya ubao, na tundu lake hupanuka. Machozi machache yavumilika. Machozi mstari mzima yaonyesha kwamba mbao zimeshikwa na rangi tu. Ulizeni pia viraka. Kiraka cha ubao kilichoungwa vizuri hakina aibu, maana chombo kilichofanya kazi hakikosi kovu. Lakini kiraka cha bati lililobandikwa kwa lami mkiinue, au mwambieni muuzaji akiinue, muone kimeficha nini. Akikataa, amekwisha wajibu.

Watu wa pwani, toka Lamu hadi Vanga, wana kazi wanayoiita kukalafati, yaani kushindilia pamba katika mianya kati ya ubao na ubao. Ingizeni kidole katika mianya hiyo. Pamba ikiwa imara, vema. Ikitoka mkononi kama uchafu wa mto wa kulalia, mashua itahitaji kukalafatiwa yote, na gharama hiyo iondolewe katika bei siku hiyo hiyo.

Mwisho, itieni majini. Hapa wanunuzi wengi hudanganyika kwa njia mbili. Mashua iliyokaa juu ya mchanga kwa miezi, mbao zake hunywea kwa jua. Ikishushwa majini itavuja siku ya kwanza, na mnunuzi mgeni hukimbia. Lakini mbao zikinywa maji huvimba, mianya ikajifunga yenyewe. Kuvuja kwa namna hiyo si ugonjwa. Ugonjwa ni ule wa mashua inayovuja siku ya tatu sawasawa na siku ya kwanza. Basi ikiwezekana, ilaleni mashua majini usiku kucha zaidi ya mara moja. Jioni fueni maji yote, pigeni alama ya mkaa ndani ya ngama; alfajiri rudini mtazame maji yamefika wapi. Muuzaji mwenye mali nzima hataogopa alama ya mkaa.

Halafu pandeni, watu wote mnaotaka wafanye kazi ndani yake, pamoja na mawe yenye uzito wa nyavu na samaki. Tazameni ubavu umebaki kiasi gani juu ya maji, na kumbukeni kwamba ufuoni hakuna mawimbi. Ikiwa maji tulivu yamekwisha karibia ukingo, mashua hiyo si ya watu wanne. Ni ya watu wawili. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara katika Ziwa Victoria, nchini Tanzania. Kilitengenezwa kuchukua watu 101, nacho kilijazwa kupita kiasi. Watu zaidi ya 200 walikufa, tena karibu kabisa na gati. Kujaza chombo si ujasiri wala si uchumi.

4. BOTI ZA FAIBA

Siku hizi katika ziwa ziko pia boti za faiba. Hizo hazinywi maji kama ubao wala hazihitaji pamba, na kwa hiyo watu hudhani haziugui. Zaugua sana, ila ugonjwa wake umo ndani. Chukueni sarafu mkagonge ubavu wote, kidogo kidogo, kama mtu anayechagua tikiti. Sauti kavu na kali ni njema. Sauti nzito, iliyokufa, yaonyesha kwamba tabaka zimeachana na maji yameingia kati. Kanyageni sakafu, ikibonyea kama godoro, mifupa ya chini imeoza. Shikeni ubao wa nyuma, unaobeba mashine, mkautikise kwa nguvu. Ukicheza, mashine itaanguka siku moja, na ziwa halina rehani ya kurudisha.

Mikwaruzo juu ya faiba si kitu. Nyufa zinazotoka mahali pamoja na kutawanyika kama utandu wa buibui zaonyesha pigo kubwa lililopita; ulizeni pigo gani.

5. MASHINE NI SHAURI LA MWAKA WA PILI

Wengi huona haya kununua mashua isiyo na mashine. Sisi twasema, mwenye fedha kidogo na aanze kwa makasia na tanga, karibu na ufuo, ajifunze biashara. Mashine hula petroli kila siku, samaki wapatikane au wasipatikane. Wavu ukikosa, mwenye makasia amepoteza jasho. Mwenye mashine amepoteza jasho na petroli.

Lakini kama hapana budi kuwa na mashine, ifikieni ikiwa baridi. Wekeni mkono juu yake kabla haijawashwa. Ikiwa ina joto, muuzaji amekwisha iamsha asubuhi ili isiwaaibishe, rudini kesho. Ikishawaka, tazameni kama maji ya kuipoza yatoka kwa nguvu katika tundu lake. Fungueni oili ya gia chini: ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia. Zungusheni panga kwa mkono muone kama mhimili wake umepinda. Na someni namba iliyopigwa katika mashine, mkailinganishe na risiti ya kwanza. Mashine huibwa upande mmoja wa ziwa zikauzwa upande wa pili. Mashine ya wizi ni rahisi siku ya kununua, na ghali siku ya polisi.

6. HATI NA MADENI

Mashua haizungumzi, hivyo haitawaambia kwamba ina deni. Yako mapatano ambayo mchuuzi hutoa fedha za mashua au nyavu, na mvuvi humlipa kwa samaki. Mashua hiyo ikiuzwa kabla deni halijaisha, mnunuzi hununua na ugomvi. Kwa hiyo kabla ya kutoa hata shilingi moja, nendeni kwa kamati ya ufuo, ile ambayo watu huiita BMU. Kamati hizo zimewekwa kwa kanuni za mwaka 2007, na wanajua mashua ni ya nani, imekopwa na nani, na imezama mara ngapi. Swali hilo halina gharama. Lakini lisipoulizwa laweza kuwagharimu akiba yote.

Mashua ya uvuvi yatakiwa iandikishwe na iwe na leseni. Mamlaka iangaliayo usalama wa vyombo vya majini, iitwayo KMA, ilianzishwa mwaka 2004, na kukagua vyombo vidogo ni sehemu ya kazi yake, katika maziwa kama ilivyo katika bahari. Mwulizeni muuzaji leseni ya mwisho ni ya mwaka gani na ina jina la nani. Kama jina si lake, na mwenye jina haonekani, kunjeni fedha zenu.

Mkiafikiana, andikeni. Karatasi iwe na jina la muuzaji na namba ya kitambulisho chake, alama za mashua, namba ya mashine kama ipo, bei, tarehe, na mashahidi wawili, mmoja wao mkubwa wa kamati ya ufuo. Nakala moja ikae kwa muuzaji, moja kwenu, moja kwa kamati. Na fedha zitumwe kwa simu, kwa jina la muuzaji mwenyewe, ili zibaki na alama. Fedha zinazohesabiwa gizani chini ya mkoma hazina shahidi.

7. MANAHODHA WENGI

Wahenga walisema: manahodha wengi, chombo huenda mrama. Kikundi cha watu 10 wanaoishi Isiolo, na mashua iko Loiyangalani, kina manahodha 10 wasioona maji. Mmoja atapiga simu kusema mashua itoke leo kwa sababu ada ya shule imefika. Mwingine atasema isitoke. Basi wekeni kanuni mapema, tena kwa maandishi.

Kikundi kiandikishwe, iko sheria ya mwaka 2022 ya kuandikisha vikundi vya jamii. Hesabu iwe ya mtu mmoja, na ukaguzi uwe wa mwingine. Sehemu ya kila mapato, kabla ya kugawana, iwekwe kwa matengenezo, kwa maana mashua huzeeka hata siku isipofanya kazi. Asiyetaka kuendelea aeleze jinsi atakavyouza fungu lake. Na kanuni iliyo kubwa kuliko zote ni hii: neno la kutoka au kutotoka liwe la nahodha aliye ufuoni peke yake. Yeye akisema upepo haufai, hapana mtu wa Isiolo, hata awe mwenyekiti, mwenye haki ya kumbishia kwa simu.

8. WALE WATAKAOPANDA

Ndugu zetu, hapa tumefika mahali ambapo chama hakiwezi kunyamaza. Siku mtakaponunua mashua na kuwapandisha watu ndani yake wafanye kazi kwa faida yenu, siku hiyo mmekuwa waajiri. Asubuhi mtasimama katika mkutano huu mkidai glavu na viatu vya kazini. Jioni kijana wa Loiyangalani atasimama ufuoni akidai jaketi kwenu. Mtamjibu nini?

Tumewasikia wenye mashua mahali pengi wakisema, "Hawa si wafanyakazi wetu, hawa ni washirika, tunagawana samaki." Neno hilo tulijueni. Ndilo neno ambalo mwajiri wa nchi kavu hulitumia akimwita mfanyakazi kibarua mwaka wa saba. Sheria ya fidia kwa majeraha ya kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri awakatie bima watu wake. Msitafute mlango wa nyuma wa kuikimbia. Na hata kama hakuna sheria inayowaangalia, mama wa kijana yule anawaangalia.

Twapendekeza mambo matano, nayo hayahitaji utajiri. Moja, jaketi moja kwa kila mtu anayepanda, na mashua isitoke ikiwa jaketi zimepungua. Mbili, mgawo wa samaki uandikwe na usomwe mbele ya wote kabla ya msimu kuanza. Tatu, wavu ukipotea kwa dhoruba, hasara ni ya mashua, si ya mshahara wa baharia. Nne, asilazimishwe mtu kutoka katika upepo. Tano, akiumia au akifa, kikundi kiwe na fungu lililowekwa kwa ajili yake, kubwa au dogo, lakini liwepo kabla ya msiba. Mchango wa baada ya mazishi si fungu.

Mtaona kwamba mambo hayo matano yote yalikwisha lipiwa katika lile fungu la nne na ile akiba. Ndiyo maana tuliwakataza kulila fungu hilo kwa ajili ya mashua kubwa. Mwenye mashua ya futi chache, mkuku wake mzima, jaketi zake kamili, na watu wanaojua haki zao, atakuwa akivua mwaka wa tano. Mwenye mashua kubwa iliyooza atakuwa akieleza hadithi katika kituo cha polisi, kama mwenyewe hakuwamo.

9. IKIWA HAIFAI, RUDINI

Neno la mwisho ni juu ya moyo. Mtu akisafiri toka Isiolo hadi ziwani, akalala njiani, akafika ameona vumbi na mawe ya Sarima, huona haya kurudi mikono mitupu. Muuzaji ajua hilo. Hungoja siku ya mwisho, wakati lori linapiga honi, ndipo husema, "Basi chukueni kwa bei yenu." Hapo ndipo wengi hununua kitu ambacho kisu chao kilikwisha kikataa.

Wekeni azimio kabla ya kuondoka hapa Wabera, liandikwe katika kitabu cha kikundi: wajumbe wetu wana ruhusa ya kurudi bila mashua, na nauli yao haitasemwa kuwa imepotea. Nauli ya watu wawili ni bei ndogo ya kujua kwamba mashua fulani ni mbovu. Chombo cha kuzama hakina usukani. Hakuna nahodha hodari awezaye kukirekebisha kikiisha kujaa maji. Mahali pa kukirekebisha ni mchangani, kwa kisu na kwa neno "hapana."

Ndugu wanachama, akiba hizi hamkuziokota. Ni saa za ziada, ni zamu za usiku, ni chai iliyonywewa bila maziwa. Tungependa zigeuke samaki, zigeuke ada, zigeuke nyumba ya mabati. Zaweza, ikiwa mtanunua polepole na kwa macho. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba kilichotoboka hakijai, hata mkitia kwa ndoo.

Vikundi vinavyokusudia kutuma wajumbe ziwani msimu huu na viandikishe majina kwa katibu wa tawi, ili waende pamoja na wamchukue fundi mmoja, gharama igawanywe. Karatasi ya maswali ya kumwuliza muuzaji itapigwa chapa na kugawiwa bure kwa kila mwanachama.

Sasa maswali.